Wanaokuja kutuchukua damu mitaani: tuwakatalie mpaka walete majibu ya safari iliyopita?

Babu Kijiwe
Wakuu, salaam. Nipo Mbagala. Juzi mjumbe kapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba Jumamosi wanakuja watu wa utafiti. Wanapima presha na sukari, halafu wanachukua damu "kidogo" ya kupeleka maabara. Wanatakiwa watu wa makamo na wazee.

Sasa mwaka juzi walikuja wengine, na ndiyo sababu ya uzi huu. Tulipanga foleni ofisi ya serikali ya mtaa tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tumbo tupu, maana tuliambiwa tusile. Binti akanifunga lile linguo mkononi, likajaa upepo, likabana, likalegea, akaandika kwenye tableti yake. Nikamuuliza, ngapi mwanangu? Akasema "iko juu kidogo baba, uende kituo cha afya". Juu kidogo ndiyo ngapi? Wakavuta vichupa viwili, kimoja kifuniko cha zambarau, kingine chekundu. Nikapewa sabuni ya mche na elfu tano ya nauli, wakati kutoka pale hadi kwangu ni hatua hamsini. Majibu ya damu wakasema watapiga simu. Laini yangu ni ile ile hadi leo.

Hoja yangu: mtaa mzima tugome mpaka walete majibu ya kwanza. Nipo tayari kukosolewa.

Mtoto wa Maabara
Mkuu, nafanya kazi hizo, japo si mradi uliokuja kwenu. Kwanza, kabla ya sindano kuna fomu ya ridhaa. Mle ndani imeandikwa damu inakwenda kufanya nini, inatunzwa muda gani, na kama majibu yatarudi au la. Kichupa kinabandikwa namba, jina halipo, kwa faida yako mwenyewe. Tatizo la watu wetu wanaweka dole gumba bila kusikiliza, akili ipo kwenye sabuni.

Pili, bila damu hizo tusingejua lolote. Ule utafiti wa kitaifa wa 2012 ndio uliotuambia kwamba kama robo ya watu wazima nchini wana presha na tisa katika kila mia wana kisukari. Mlidhani namba zile zimeota kwenye mwembe?

Halafu tuwe wakweli, presha ya uswahilini haihitaji hata maabara. Saa moja asubuhi mama ana chapati mbili za mafuta, saa nne vitumbua, jioni chipsi zege. Miili inajieleza yenyewe.

Bi Chapati Temeke
Umekosa la kusema ukaona useme miili yetu?

Kaka mwenye maabara, mimi ndiye mpika chapati. Tena nikuambie wanaozila ni nani: nyinyi wenye vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, mnaegesha gari mnasema "mama nifungie nne na supu". Akina mama wa mtaani wananunua moja, wanakata wanagawa watoto. Mimi kabla ya Dar nilikuwa Kilosa nalima kwa jembe la mkono na kisimani ni mwendo wa nusu saa. Leo tangu saa kumi alfajiri nimesimama mbele ya karai, sitoki pale mpaka saa sita. Nimenenepa, ndiyo. Kuna siku uliniona nimelala?

Kipara Original
Hahaha Bi Chapati kamwaga povu la sabuni ya mche. Ila dada, kitambi ni kitambi, hakiulizi sababu.

Mzee wa Takwimu
Kabla hamjapigana, jambo hili lilishapimwa hapa hapa. Kuna watafiti walifuatilia watu waliokuwa wanahama Morogoro Vijijini kuja Dar. Walikuwa mia mbili na kitu, wanaume na wanawake karibu nusu kwa nusu, wakapimwa kabla ya kuondoka, na 132 kati yao wakapimwa tena huku. Baada ya mwaka mmoja tu kila mtu kwa wastani alikuwa kaongeza kilo mbili na ushee. Wanaume na wanawake sawasawa, kwa hiyo hilo la "akina mama" lifutwe. Kilichoporomoka ni kazi ya nguvu. Wanaume waliokuwa wanafanya kazi nzito walikuwa kama wanane katika kumi kule kijijini, huku wakabaki robo hivi. Bi Chapati kaeleza utafiti mzima kwa sentensi mbili bila fedha za mfadhili.

La ajabu, presha zao zilishuka kidogo.

Kipara Original
Zikashuka? Mtu ahamie Dar, foleni ya Ubungo, mwenye nyumba anagonga kudai kodi, halafu presha ishuke? Ndiyo maana mleta mada anataka kuwagomea. Kila mtu anajua presha ni ugonjwa wa mjini. Kijijini hakuna presha, kuna malaria.

Mzee wa Takwimu
"Kila mtu anajua" ndiyo maabara yako? Miaka ya tisini walipima Ilala na walipima Shari, Kilimanjaro, kijijini kabisa. Ilala karibu watatu katika kumi walikuwa na presha. Shari watatu na chenji. Kijiji hakikuwa chini ya mjini hata kidogo. Na katika hao wenye presha, waliokuwa wanajijua hawakufika hata mmoja katika watano.

Pazuri ni hapa: baadaye, 2003 hadi 2006, wakahesabu kiharusi kipya Dar na Hai, wilaya yenye hiyo Shari. Ukishasawazisha tofauti ya umri wa watu wa sehemu hizo mbili, Hai ilikuwa kama watu 109 kwa kila laki moja kwa mwaka, Dar 316. Karibu mara tatu. Presha zinakaribiana, kiharusi mara tatu. Kwa nini? Hilo ndilo swali la kuumiza kichwa, na halijibiki kwa kuangalia nani kanenepa.

Kipara Original
Miaka ya tisini nilikuwa chekechea. Dar ya leo ina watu milioni nane, unaniletea habari za Ilala ya mabati.

Mzee wa Takwimu
Sensa ya 2022: 5,383,728. Ya 2012 ilikuwa 4,364,541. Milioni nane umeitoa wapi?

Kipara Original
Hesabu na wanaolala Kibaha, Mkuranga na Kisarawe, wanashinda huku. Ukiwatoa hao nani anajaza mwendokasi asubuhi?

(Hapo waliendelea kurasa mbili kuhusu Mkuranga ni Dar au si Dar. Mnaosoma sasa, rukeni. – Babu Kijiwe)

Nesi Mstaafu
Ngoja niseme kidogo maana mada imekwenda Mkuranga.

Nimekaa kliniki ya kifua kikuu miaka kumi na moja. Mtu akija anakohoa, makohozi tunapima, VVU tunapima, fomu zake zipo, vitendanishi vipo. Sukari? Kimashine kipo kabatini, vipande vya kupimia hakuna. Na kisukari kinamwongezea mtu uwezekano wa kuugua TB mara mbili hadi tatu. Nimeona watu wamemeza dawa za TB miezi sita kwa uaminifu na hawanenepi, kumbe sukari inawala ndani kwa ndani. Utafiti wa TB una mradi wake, wa VVU wake, wa malaria wake. Mgonjwa ni yule yule mmoja na anazungushwa milango mitatu ya korido moja. Mkitaka kugoma, gomeeni hilo: akipimwa mtu apimwe mzima.

Wa VVU angalau kliniki yao ina feni na viti vya plastiki. Wa presha tuliwakalisha kwenye benchi juani.

Kimya Kimya 06
Nesi, kwa heshima zote, hiyo feni imenichoma.

Naishi na VVU tangu 2006. Hiyo feni tumeilipia kwa kuzika. Wakati naanza dawa, kwenye foleni yetu tulikuwa tunahesabiana nani hayupo mwezi huu. Na leo nina miaka 54, virusi havionekani kwenye kipimo, unajua kinachonitoa jasho? Presha. Dawa za VVU napewa bure, za presha nanunua duka la dawa kidonge kwa kidonge ikifika tarehe za katikati ya mwezi. Na mwaka 2025 Marekani ilipofunga bomba la fedha za misaada, dada aliyekuwa anatupigia simu za kutukumbusha alituaga kwa ujumbe mmoja. Feni ipo bado. Anayeiwasha hayupo.

Nesi Mstaafu
Nisamehe mwanangu. Sikusema kwa nia hiyo.

Kimya Kimya 06
Yamekwisha mama.

Mzaramo Asilia
Nyie wote mnazunguka. Damu ya mtu haichukuliwi bure. Bibi yangu mpaka anakufa alikuwa hakatizi karibu na gari la zimamoto, akisema hao ndio mumiani, wanakamata watu wanawanyonya damu inatengenezewa dawa. Tulikuwa tunamcheka. Sasa leo wanakuja na gari jeupe na tableti, tofauti ni rangi.

Mtoto wa Maabara
Haya, tumefika kwenye mumiani. Naaga. Kuna watu mnatumia simu janja kwa akili za mwaka 1940. Mikocheni, Kurasini na Buguruni, 2006, nani alipita kwenye madimbwi na mitaro kumwaga dawa ya kuua viluwiluwi? Mradi wa utafiti, wakishirikiana na Jiji, na waliokuwa wanamwaga ni vijana wa mitaa hiyo hiyo. Ile dawa ni bakteria tu, kiluwiluwi akiila anakufa, binadamu hadhuriki. Malaria ya watoto ilipungua. Leo kuna kiwanda kizima Kibaha cha kutengeneza dawa za namna hiyo, kwa utaalamu wa Wakuba. Mumiani gani huyo anayekupunguzia mbu?

Mzaramo Asilia
Mimi natoka Buguruni. Ile dawa nimeiona, vijana nimewajua, mmoja alikuwa shemeji yangu. Mradi uliisha, madimbwi yapo, mbu wapo, shemeji anaendesha bajaji. Halafu usinitukanie bibi. Bibi hakuwa mjinga. Aliona watu wanachukua kitu mwilini mwa mtu na hawarudi kusema kilichoonekana. Wewe ungemwita nani mtu wa hivyo?

Kipara Original
Hapo Mzaramo kamfunga goli la kichwa.

Mtoto wa Maabara
Goli gani? Majibu mengine hayana maana kwa mtu mmoja mmoja. Nikikuambia kiwango chako cha kingamwili fulani ni hiki, utafanya nacho nini? Utakunywa na chai?

Bi Chapati Temeke
Na cha presha je? Nacho ni cha kunywa na chai?

Ngoja niwape kisa. Mama mkwe wangu alikuwa anakojoa usiku kucha na kiu haiishi, tunasema ni joto la Dar. Tukampeleka zahanati akatobolewa kidole. Kimashine badala ya namba kikaandika HI. Mjukuu wake wa darasa la tano akasema "bibi, kinakusalimia!" Tukacheka sote, na mama mwenyewe kacheka, akaitikia marahaba. Nesi ndiye hakucheka. Kumbe kikiandika hivyo maana yake sukari imepita mwisho wa kukisoma. Alilazwa jioni ile. Aliishi miaka minne baada ya hapo, mguu mmoja ukakatwa.

Kwa hiyo usiniambie majibu hayana maana kwetu. Kama kingamwili ni kazi zenu, kaeni nazo. Namba ya sukari na namba ya presha tunaziweza.

Mtoto wa Maabara
Pole kwa mama. Sijasema presha isitolewe, presha na sukari ni lazima zitolewe palepale. Yule aliyesema "juu kidogo" alikosea, nakubali. Na lile neno la miili nalifuta.

Bi Chapati Temeke
Nimelisoma. Chapati kwako ni mia tano zaidi mpaka mwezi uishe.

Kipara Original
Na chipsi zege imesingiziwa mpaka lini? Viazi ni mboga, mayai ni protini. Naombeni hoja.

Babu Kijiwe
Wakuu, nimerudi. Jumamosi wamekuja. Kugoma kumeshindikana, mjumbe kasema tusimwaibishe, na mke wangu alikuwa wa tatu kwenye foleni kabla sijavaa viatu. Ila nilipofika zamu yangu nikasema simwachii mtu mkono mpaka aniandikie namba. Kijana kacheka, kachana kipande cha boksi la glavu kaniandikia 172/101. Ninacho hapa mfukoni. Naomba mnisaidie, inayotisha ni ya juu au ya chini?

Nesi Mstaafu
Zote mbili baba. Walikupima mara ngapi? Ilitakiwa mara tatu, umekaa umetulia, mgongo umeegemea na miguu chini. Kuna kichwa kinauma, au macho kuona ukungu? Kama kuna chochote, nenda sasa hivi. Kama hakuna, kesho asubuhi uwe kituo cha afya na hicho kipande cha boksi, usikitupe.

Babu Kijiwe
Mara tatu kweli. Kichwa hakiumi. Kesho nakwenda.

Mzaramo Asilia
Na damu umewapa?

Babu Kijiwe
Nimewapa. Vichupa vitatu safari hii. Wamesema watapiga simu.