Kikundi cha "Ukoo wa Nyegezi": hedifoni ya kwaya

[15:41] Kulwa: Shikamooni wakubwa wote humu. Niko mjini, duka moja karibu na Makoroboi, nimekuja kuchukua ile hedifoni ya kurekodia kwaya 📷📷📷

[15:42] Kulwa: Zipo tatu, zote za kufunika sikio. Mbili ni Audio-Technica za waya, ATH-M50x na ATH-M40x. Ya tatu ni ya Bluetooth, jina lake sijawahi kulisikia popote, lakini jamani BEZI LAKE 🔥🔥

[15:42] Doto: Nunua uje. Kwani unachagua mchumba?

[15:44] Shangazi Kabula: Marahaba. Hela ya kwaya hiyo, laki tatu na ishirini, na mweka hazina ni mimi. Nitaulizwa mimi, si wewe. Hiyo ya bezi bei gani?

[15:44] Kulwa: Laki na tisini tu shangazi. M40x laki tatu. M50x laki mbili na sabini.

[15:45] Mjomba Masanja: Marahaba mjomba. Usitoe hela. Niko juu ya bati nafunga spika za watu, nashuka.

[15:45] Doto: Mjomba anashuka kwenye bati kwa ajili ya hedifoni 😂 mimi nikiumwa mnaniambia ninywe maji

[15:49] Mjomba Masanja: Haya. Wimbo uliousikiliza hapo kachagua nani?

[15:49] Kulwa: Muuzaji. Kaweka kwenye simu yake.

[15:50] Mjomba Masanja: Na sauti kafungulia nani?

[15:50] Kulwa: Yeye 😅

[15:54] Mjomba Masanja: Basi bado hujasikiliza kitu. Mwenye duka anajua wimbo upi unadunda kwenye mzigo anaotaka umtoke. Halafu sikio lina udhaifu wake. Ukifungulia kidogo, bezi na zile sauti nyembamba za juu zinafifia kuliko sauti za kati. Ukifungulia sana zinarudi. Watafiti Fletcher na Munson walishalipima hilo huko Marekani tangu 1933. Kwa hiyo ukishika hedifoni mbili, ile inayolia kwa nguvu kidogo tu kuliko mwenzake ndiyo utakayoona tamu, hata kama ndiyo mbovu. Shika simu yako, weka kitu unachokijua wewe, na kila ukibadilisha punguza au ongeza mpaka anayesema awe na ukubwa uleule kwenye zote tatu.

[15:55] Kulwa: Bando limekata mjomba. Nina rekodi za kwaya za Pasaka na voisi za humu tu.

[15:56] Mjomba Masanja: Anza na voisi. Tafuta ile ya bibi yako ya asubuhi.

[15:56] Doto: Ile ya michembe, viazi vyake vya kukausha?? 😂😂😂

[15:58] Mjomba Masanja: Hiyohiyo. Sauti ya bibi umeisikia tangu unanyonya, hakuna mashine itakayokudanganya juu yake. Mwanamuziki wa studio humjui anasikikaje akiwa amekaa mbele yako, bibi unamjua. Sikiliza anavyotamka michembe, gunia, kivuko. Uniambie amekaa wapi.

[15:58] Kulwa: Amekaa wapi kivipi?

[15:58] Mjomba Masanja: We sikiliza.

[16:06] Kulwa: Aisee!! Kwenye ile ya Bluetooth bibi yuko ndani ya simtanki. Kifua kimejaa, kama ana mafua ya wiki mbili.

[16:06] Mama Kulwa: Mama anaumwa? Mbona sikuambiwa?

[16:07] Doto: Mama haumwi, ni hedifoni. Soma kuanzia juu.

[16:08] Kulwa: M50x kasogea karibu, ana uzito chini, na ile "ch" ya michembe inachoma kidogo. M40x yuko jikoni kwake Sengerema anachambua mchele, kabisa. Ila mbona kaegemea kushoto?

[16:10] Mjomba Masanja: Vizuri umeliona. Voisi haina kushoto wala kulia, masikio yote yanapewa kitu kimoja, kwa hiyo lazima akae katikati ya kichwa. Sasa ivae kinyume, kikombe cha kushoto kiende kulia. Bibi akihamia kulia, spika moja imechoka. Akibaki palepale, tatizo liko kwako.

[16:12] Kulwa: Kabaki palepale 😳

[16:12] Doto: Osha masikio

[16:13] Mjomba Masanja: Umevaa miwani?

[16:13] Doto: Ile ya mkono wa kulia uliofungwa na waya 😂😂 ameivaa ndiyo

[16:14] Kulwa: NIMEIVUA. Katikati kabisa! Na bezi limeongezeka, kwenye ileile M40x niliyodhani haina bezi.

[16:19] Mjomba Masanja: Hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Hedifoni ya kuziba inapata bezi kwa kule kuziba. Kile kihewa kati ya spika na sikio ndicho kinachosukumwa. Kikipata upenyo bezi linatoka nje, sawa na mvuke kwenye sufuria ya ubwabwa yenye mfuniko uliopinda. Mkono wa miwani ni upenyo. Rasta za Doto ni upenyo. Mtandio wa shangazi yako pia. Ndiyo maana ukisikia mtu anasema hii haina bezi au ile ina bezi la kufa mtu, uliza kwanza kichwa chake kikoje. Jaribu zote na miwani yako, maana ndivyo utakavyofanya kazi. Halafu bonyeza vikombe polepole kwa viganja. Bezi likipanda sana, ujue mito yake haikukai.

[16:20] Shangazi Kabula: Mtandio wangu umeingiaje humu? Na kwani lazima iwe ya kuziba? Hakuna ambazo hazina mambo hayo?

[16:24] Mjomba Masanja: Zipo za wazi, shemeji, na zinapumua vizuri. Lakini mwimbaji akiivaa mbele ya maikrofoni, kinanda anachokisikiliza kinavuja na kurekodiwa mara ya pili. Na siku mvua ikipiga bati hapo Nyegezi utasikia bati tu. Kuziba nako kuna gharama: mlio wa nyuma ya spika hauna pa kwenda, unagonga kikombe na kurudi. Ikitengenezwa hovyo ndiyo hilo simtanki la Kulwa. Ikitengenezwa vizuri bado kwaya itasikika imesongamana kidogo, kama mmeimbia sebuleni. Usiikatae kwa hilo.

[16:26] Kulwa: Muuzaji anasema M50x ina sauti nyingi zaidi, kwenye boksi imeandikwa hezi (mitetemo kwa sekunde) 15 hadi 28,000. M40x inaishia 24,000.

[16:28] Mjomba Masanja: Sikio la kijana mzima linaanzia kama 20 na kuishia kama 20,000. La kwangu baada ya harusi zote hizi linaishia mapema sana. Hizo za juu yake wanunue popo. Namba hiyo inakuonyesha barabara inaanzia wapi na kuishia wapi, mashimo haionyeshi. Angalia omu basi, yaani inavyokinza umeme; zikiwa nyingi simu inashindwa kuisukuma. M50x ni 38, M40x ni 35, simu inazimudu zote. Wajerumani wa beyerdynamic wana hedifoni ya DT 770 Pro za omu 32, 80 na 250. Ukichomeka ile ya 250 kwenye simu itakunong'oneza.

[16:29] Mjomba Masanja: Sasa weka rekodi ya Pasaka. Voisi imeminywa, ni nzuri kwa sauti ya mtu tu, haina bezi la maana wala ncha za juu. Sikiliza kayamba, makofi, na wale besi wa nyuma.

[16:31] Ujumbe huu umefutwa

[16:31] Mama Kulwa: Samahani, ilikuwa ya kikundi cha VICOBA

[16:41] Kulwa: Nimerudia mara tatu tatu, na miwani. Bluetooth: kayamba siioni kabisa, besi wamekuwa kitu kimoja kinachonguruma, huwezi kujua wanaimba noti gani. M50x: raha! Besi wana mwili, kayamba inang'aa kama mvua ya mawe, masoprano wanameta. M40x: kawaida kawaida tu, ila nimesikia mtu wa sauti ya tatu kakosea ubeti wa pili. Sikuwahi kumsikia.

[16:41] Doto: Ni wewe

[16:42] Kulwa: Ndiyo, ni mimi 😔

[16:47] Mjomba Masanja: Umejijibu mwenyewe. M50x si mbaya, inanogesha bezi na juu, safarini ndani ya basi ni tamu. Lakini wewe unakwenda kupanga sauti za watu. Hedifoni ikikuongezea bezi ambalo halipo, mkono wako utalipunguza. Mimi yalinikuta. Nilipanga kanda ya kwaya moja kwa hedifoni ya kudunda, masikioni mwangu ikawa sawasawa. Ilipopigwa kwenye redio ya gari, mwenyekiti akaniuliza kama wanaume hawakuja siku ile.

[16:48] Shangazi Kabula: Kumbe ndiyo ile kanda?? Na tulilipa.

[16:48] Mjomba Masanja: Shemeji, ya kale hayanuki.

[16:49] Shangazi Kabula: Hiyo inanuka mpaka leo. Na mimi naona jambo lingine, M50x ndiyo kaka yake, mbona inauzwa chini ya mdogo wake?

[16:51] Mjomba Masanja: Umeona mbali. Jina likivuma, wa kuliiga hawakosi, na M50 ni jina linaloigwa. Kwa picha siwezi kusema ni bandia. Ila Kulwa alisema "ch" inachoma, na mimi ningependa kuisikia kwa masikio yangu kwanza.

[16:52] Kulwa: Kwa hiyo nilipie M40x?

[16:54] Mjomba Masanja: Bado. Nenda kanywe chai kwa mama ntilie yeyote hapo, upumzishe masikio. Rudi uivae hiyo moja dakika ishirini bila kubadilisha. Utamu na ubaya wa dakika mbili vyote vinadanganya; sauti ya juu inayochoma huijui mpaka ikuchoshe. Na taya, na utosi, uone kama haivibani.

[16:54] Kulwa: Muuzaji keshanuna.

[16:55] Shangazi Kabula: Anune. Hela ya kwaya hiyo.

[17:38] Kulwa: Nimemaliza. Sauti haijanichosha. Mkono wa miwani unanibana hapa juu ya sikio la kulia, ile sehemu ya waya, na masikio yanatoka jasho. Kashuka mpaka laki mbili na themanini.

[17:39] Mjomba Masanja: Jasho ni la zote za kuziba, kwa Mwanza hii utafanyaje. Bibi yuko katikati?

[17:39] Kulwa: Katikati, hata na miwani. Nimeinyoosha ule mkono.

[17:40] Mjomba Masanja: Lipa.

[17:40] Shangazi Kabula: RISITI. Yenye tarehe. Na arobaini iliyobaki irudi ikiwa arobaini.

[17:52] Bibi Sengerema: 🎤 0:47

[17:54] Doto: Kwa wasio na bando, bibi anasema hivi: mume wangu Kulwa, nimeambiwa sauti yangu inapigwa dukani mjini watu wanasikiliza, tena wanasema nimo kwenye simtanki. Ungeniambia nikaongea vizuri. Anasema gunia lilishavuka na kivuko cha mchana, liko Kamanga upande wa mjini kwa yule kijana wa siku zote, na mpaka sasa hajapigiwa simu na mtu.

[17:55] Kulwa: Shikamoo bibi!! Ulisikika vizuri sana, ila kwenye moja tu. Naenda Kamanga sasa hivi.

[17:56] Mama Kulwa: Wahi kabla hajafunga. Magunia ni mawili, la pili ni la Mjomba wako, usimwachie Doto achague.