Ameichoma fuwele ya baba, kisha akasema "nimekusaidia"

Wakuu, naandika mkono ukitetemeka. Yule bwana, ambaye nyote mnamjua, nilimwachia fuwele ya tanzanaiti aliyoinunua marehemu baba Mererani mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya madini hayo kugunduliwa, ili anipimie kisanduku cha kuihifadhia. Leo amenirudishia jiwe la buluu tupu na kuniambia, "Mzee, nimekusaidia."

Fuwele ile haikuwahi kuguswa na moto. Ukiigeuza huku ilikuwa buluu, huku zambarau, huku hudhurungi yenye wekundu, na hudhurungi hiyo ikishachomwa tanuruni hairudi tena. Wakataji huchoma kwa sababu soko la vito linataka buluu. Mkusanyaji hutafuta ile iliyobaki kama ilivyotoka ardhini. Kibandiko cha karatasi, alichoandika baba kwa mkono wake mahali na mwaka, amekitupa kwa kuwa "kilikuwa kimechakaa". Bila kibandiko hicho, nani ataamini kwamba jiwe hili halikuchimbwa juzi?

Nimekusaidia! Mtu huyu akiachiwa Kilimanjaro usiku mmoja, asubuhi tutaukuta umepigwa msasa. Nimekusaidia!

Mchanga wa Simanjiro: Pole, mkuu, lakini kumwachia yeye fuwele ni kumkabidhi fisi bucha. Ulitarajia nini?

Bibi Garneti: Wewe umebakiwa na jiwe zima. Mimi garneti yangu ya kijani aliing'oa kwenye mwamba wake wa grafiti, akaona imekaa vibaya, akairudishia kwa gundi, tena juu chini.

Mzee wa Darubini: Gundi ni nafuu. Tanzanaiti yangu aliiosha kwa mashine ya mitetemo, ilhali kila mtu anajua kwamba jiwe hilo hupasuka kirahisi kwa kufuata mwelekeo mmoja. Nilipewa vipande viwili na ankara moja.

Mchanga wa Simanjiro: Bibi, gundi hiyo ni ile ya matone? Iloweke kwenye asetoni bila haraka, itaachia.

Bibi Garneti: Asetoni haitaidhuru garneti?

Mzee wa Darubini: Garneti haitadhurika. Zuia moto usiwe karibu, na ufungue madirisha.

Mleta uzi: Wakuu, naomba turudi kwenye kibandiko cha baba. Amesema amenisaidia!

Bibi Garneti: Subiri kidogo, mkuu. Niloweke kwa saa ngapi?