Boti ya mashine mbili: ya kushoto inapoteza nguvu kila baada ya robo saa, naombeni ushauri

Mwana wa Kilindoni

Wakuu habari za jioni. Nina boti ya faiba, mita 8, inasukumwa na Yamaha Enduro 40 mbili, tu-stroki, oili nachanganya mwenyewe. Kila mashine ina tangi lake la lita 24 na mpira wake wa mafuta. Niko Mafia, na msimu wa potwe, wale papa wakubwa ambao wageni huja kuwatazama, ndio unaolisha nyumba yangu. Kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi nabeba wageni karibu kila siku.

Tatizo liko mashine ya kushoto. Asubuhi inawaka kwa mvuto mmoja, nikienda taratibu haina neno. Nikishafungua resi yote, kama dakika kumi na tano hivi mlio unakuwa mzito, resi inashuka yenyewe na boti inaanza kunivuta kushoto. Nikirudisha resi nikasubiri dakika mbili tatu, inakuwa nzima kabisa. Nikifungua tena, hali ile ile. Ya kulia haijawahi kufanya hivyo.

Fundi kabadilisha plagi, kasafisha kabureta, sasa anasema koili (inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi) imekufa, ninunue mpya. Nimeshatoa zaidi ya laki tatu. Juzi ilinigomea nikiwa na wageni sita na upepo unaamka. Nimerudi na mashine moja, moyo uko mkononi. Kabla sijanunua koili, naomba mnisaidie.

Bahari Tanga

Pole sana mkuu. Inakojoa vizuri? Ikipoteza nguvu, tazama maji yanayotoka kwenye kitundu. Yakiwa membamba au ya moto sana, pampu ya maji imechoka au njia imeziba chumvi na mchanga. Mashine iliyochemka nayo hupona ikipumzishwa, ndiyo maana nauliza.

Mwana wa Kilindoni

Inakojoa vizuri, mkuu, sawa na mwenzake. Nimeweka vidole, maji ni vuguvugu tu.

Nungwi Pwani

Ndugu yangu, kuna kitu chengine. Mlio unapanda au unashuka? Ukipanda na boti haendi, basi mpira wa ndani ya propela umeachia, inazunguka bure.

Mwana wa Kilindoni

Unashuka.

Nungwi Pwani

Basi propela iwache.

Mzee wa Jahazi

Kijana, koili usinunue kwanza. Ni kweli koili ikipata moto inaweza kufa na ikipoa ikafufuka, fundi wako hajasema uongo. Lakini koili ni ghali, na kuna kipimo cha bure hakijafanywa.

Ile pampu ya kubonyeza kwa mkono kwenye mpira wa mafuta, umewahi kuitazama wakati mashine inaumwa? Mara ijayo weka mtu aishike palepale resi inaposhuka. Ikiwa imebonyea, imenyonywa ndani, basi kuna kizuizi nyuma yake, yaani kwenye tangi au mpira unaotoka tangini. Ikiwa imejaa na ni ngumu, mafuta yanafika mpaka hapo. Hapo tafuta upande wa mashine: filta, pampu yake ya mafuta, kabureta, halafu ndiyo umeme.

Pia aibonyeze mara tano sita. Mashine ikirudisha nguvu papo hapo, ilikuwa na njaa ya mafuta. Koili haiponi kwa kubonyeza mpira.

Na usiwe mkaidi wa kuilazimisha. Tu-stroki oili inasafiri ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na hapo ndipo pistoni inaposagika mpaka mashine inanoki, yaani inakwama kabisa. Jaribu karibu na pwani, bila wageni, na nanga iwe tayari.

Mwana wa Kilindoni

Shikamoo mzee. Leo nimetoka na mdogo wangu tu. Dakika ya kumi na saba resi ikashuka. Akaishika, imebonyea kama embe lililonyonywa. Kubonyeza ikawa shida, haijai, mashine ikapata nguvu kidogo kisha ikalala tena. Kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi kilikuwa wazi, nikalegeza na kifuniko chenyewe, hakuna kilichobadilika.

Mzee wa Jahazi

Marahaba. Umekaribia. Sasa badilisha matangi, la kushoto lilishe mashine ya kulia, lakini mipira iache palepale. Ugonjwa ukihama, ni tangi. Ukibaki, ni mpira. Mpira wa zamani ngozi yake ya ndani hubambuka ikajikunja, kwa nje huoni kitu.

Bahari Tanga

Naongezea: tu-stroki ya 40 ikifunguliwa yote hunywa zaidi ya lita 15 kwa saa. Ikiwa silensa, yaani inanguruma tu bila resi, inakunywa kidogo sana. Ndiyo maana ukienda pole huoni ugonjwa.

Mwana wa Kilindoni

Wakuu, umehama! Mashine ya kulia, ambayo haijawahi kuumwa hata siku moja, imelala dakika ya kumi na tano. Ya kushoto ikavuta mpaka mwisho.

Nimerudi nikamwaga tangi lote kwenye beseni kupitia kitambaa cheupe. Yametoka maji kidogo chini, matone tu, na kijikaratasi cha fedha cha duara, kikubwa kama shilingi mia. Ni ile karatasi inayoziba mdomo wa chupa ya oili. Nachanganya nusu lita kwa tangi moja, naitoboa kwa bisibisi, nadhani siku moja ilidondoka ndani bila kuiona. Ilikuwa na alama ya duara katikati, pale inapobanwa na mdomo wa bomba la kuvutia mafuta. Resi ikiwa juu inanyonywa na kuziba, nikirudisha resi inaachia na kuzama.

Nimesafisha tangi, nimetoka na resi yote dakika arobaini. Mashine zote mbili zinalia sauti moja. Mzee, Mungu akuzidishie.

Mzee wa Jahazi

Alhamdulillahi. Kabla hujapakia wageni, ichomoe plagi ya kushoto utazame rangi. Ikiwa kahawia, vizuri. Ikiwa nyeupe, au ina vidoa vinavyong'aa kama bati, pima kompresheni (mgandamizo wa ndani) ya silinda zote, ulinganishe na mashine ya kulia.

Mwana wa Kilindoni

Kahawia zote. Kompresheni fundi anakuja na geji kesho asubuhi. Oili nitakuwa naimimina kupitia faneli yenye chujio, na karatasi ya chupa naibandua yote kwa mkono kwanza.