Binti yangu anatimiza miaka 6 Julai. Januari aanze awali au darasa la kwanza?

Bi_Chanika

Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri wa wazazi mliopitia hili, na walimu kama mpo.

Nina binti, ndiye kifungua mimba wangu. Anatimiza miaka 6 mwezi Julai 2026. Amesoma chekechea ya hapa mtaani kwetu Chanika miaka miwili. Anahesabu mpaka 100, anaimba a, b, c yote, jina lake anaandika. Mwalimu wake wa chekechea anasema yuko tayari kwa darasa la kwanza, kumpeleka awali ni kumrudisha nyuma. Nimekwenda shule ya msingi ya serikali iliyo karibu, mwalimu mkuu akaangalia kadi ya kliniki akaniambia kwa umri huo nafasi yake ni awali, ila nikisisitiza watampima waone.

Baba yake yeye anataka ingilishi midiamu. Iliyo ndani ya uwezo wetu iko mbali, basi lake linapita kituoni saa 11 na nusu alfajiri. Ada tukijibana tutalipa, lakini kuna mdogo wake anakuja nyuma.

Jambo jingine ni cheti cha kuzaliwa, hatuna. Kadi ya kliniki ina jina alilopewa na bibi yake mzaa baba pale hospitali. Nyumbani na chekechea anaitwa jingine. Mwalimu mkuu ameniambia tuamue jina moja kabla hajaliandika popote.

Naombeni mnisaidie, uandikishaji unaendelea na sitaki nafasi zijae nikiwa bado nawaza.

Kaka_Sengerema

Dada, darasa la kwanza moja kwa moja. Mtoto anayeandika jina lake atakaa awali anafanya nini? Wangu aliingia na miaka mitano na nusu, sasa yuko la nne na anashika nafasi za juu. Mtoto akiwa mwepesi msimzuie.

ChakiNyeupe

Habari Bi_Chanika. Mimi ni mwalimu, nafundisha darasa la kwanza na la pili shule ya serikali, miaka mingi sasa. Nitaandika kirefu kidogo, uniwie radhi.

Kwanza umri. Mwalimu mkuu hajakuonea. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ile aliyoizindua Rais Samia Dodoma Februari 1, 2025, mtoto anasoma awali mwaka mmoja akiwa na miaka 5 na anaingia darasa la kwanza akiwa na 6. Mtaala mpya tulianza nao Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, na umeandikwa kwa kumfikiria mtoto wa umri huo.

Pili, hilo la kumrudisha nyuma. Piga hesabu. Elimu ya msingi sasa ni miaka sita. Binti yako akisoma awali 2026, ataanza la kwanza 2027 akiwa na miaka 6 na nusu na kumaliza la sita 2032 akiwa na 12 na miezi michache. Sisi tulioanza na miaka 7 na kusoma miaka saba tulimaliza tukiwa wakubwa kuliko hapo. Kwa hiyo huo mwaka anaosema mwalimu wa chekechea kwamba unapotea mimi siuoni.

Tatu, na hapa ndipo ninapotaka utulie. Usimpime kwa nyimbo. Kila Januari napokea watoto wanaoimba a, e, i, o, u vizuri mno, nikiandika "u" peke yake ubaoni hawaijui. Leo jioni chukua karatasi, andika herufi kumi bila mpangilio, umuulize moja moja. Halafu andika "ma", "ki", "tu", umwambie asome. Akisoma bila kubahatisha, hapo ana msingi. Akikuangalia usoni kutafuta jibu, bado.

Sikiliza pia anazitamkaje. Chekechea nyingi za mtaani hufundisha herufi kwa majina ya Kiingereza, ei, bi, si. Sisi kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tunafundisha sauti. Mtoto aliyezoea "ei" akikutana na "a" ya "mama" anachanganyikiwa, na katika darasa lenye watoto wengi mwalimu anaweza kumaliza muhula hajagundua shida iko wapi. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, awali 25. Wewe uko Dar, unajua hali ilivyo. Mtoto mdogo kwa umri, tena mpole, katika darasa lililojaa ananyamaza. Hasumbui, kwa hiyo haonekani.

Mengine yanayonisaidia mimi mwalimu kuliko kuhesabu mpaka 100: aweze kuomba ruhusa ya kwenda chooni na kujihudumia mwenyewe, ashike penseli kwa vidole na si kwa ngumi, asikilize hadithi fupi mpaka mwisho, ajue jina lake kamili, la mzazi wake na mtaa anaokaa. Akiwa na hayo, kusoma tutamfundisha.

Binti_Mzizima

Mwalimu umeongea. Naongezea la basi. Wanangu wawili walipanda basi la alfajiri mwaka mzima. Mtoto wa miaka mitano anaamshwa saa 10 na nusu, anasinzia kwenye kiti, darasani anasinzia, jioni anashuka giza linaingia na homuweki mkononi. Tulihamia shule ya karibu na wakapona uchovu ndani ya mwezi. Kiingereza watakipata, hata huko serikalini siku hizi kinaanza darasa la kwanza kama somo.

Kama baba yake anaogopa atabaki nyuma, mwambie pia kuna shule za serikali za mchepuo wa Kiingereza, mfano Olympio na Diamond za Upanga. Zina ada ila si kama za binafsi. Kwa Chanika ni mbali, najua, lakini ajue si lazima iwe binafsi.

Kaka_Sengerema

Mwalimu ChakiNyeupe, hoja ya miaka sita sikuwa nimeiweka kwenye hesabu, hapo umenipa kitu. Ila bado nasema watoto hawalingani. Mimi wangu alipimwa na mwalimu kabla, hakusukumwa.

ChakiNyeupe

Kaka, hapo tuko pamoja. Apimwe na mwalimu atakayemfundisha, si na anayelipwa ada ya chekechea.

Mzee_wa_Rungwe

Binti yangu, nikupe la cheti maana hilo likichelewa linakufuata mpaka mtoto awe mkubwa.

Chini ya miaka mitano angesajiliwa bure na kupewa cheti pale pale kituo cha afya au ofisi ya kata. Ule mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ulianzia kwetu Mbeya mwaka 2013. Binti yako ameshavuka, kwa hiyo mtapita njia ya kawaida, ya kulipia. Maombi unaweza kuyaanza kwa simu kwenye mfumo wa eRITA, au nendeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, dawati la RITA. Bebeni kadi ya kliniki, tangazo la uzazi la hospitali kama mnalo, na vitambulisho vya wazazi wote wawili. Hilo la jina waelezeni wazi mbele ya dawati, msilifiche, watawaongoza nini kiandikwe na kiapo kama kitahitajika.

Lakini kabla ya kwenda, kaeni na mama mkwe. Jina alilotoa bibi lina uzito wake. Mkilifuta kimya kimya atalisikia siku mtoto anaitwa kwenye mahafali. Wengi hulifanya la katikati, kila mtu akaridhika.

Bi_Chanika

Shikamoo Mzee wa Rungwe. Ahsante sana, hilo la mama mkwe sikulifikiria kabisa. Nitampigia Jumapili.

Mwalimu, nimefanya ulivyosema. Herufi kumi, amejua sita. "Ma" amesoma, "ki" ameniangalia usoni. Na kweli "e" ameiita "i" na "i" akaiita "ai".

ChakiNyeupe

Marhaba kwa niaba ya mzee, hajarudi bado.

Sita kati ya kumi kwa umri wake ni nzuri, usimkaripie hata kidogo. Umepata jibu lako lakini. Huyo awali itamfaa sana, na Januari 2027 ataingia la kwanza akiwa amesimama imara. Hiyo ya "e" na "i" ianze kurekebishwa leo: mtaje sauti tu, kwa vitu vya nyumbani, "e" ya embe, "i" ya ini, dakika chache baada ya kula. Msimfanye akae mezani saa nzima.

Na jina, Mzee amesema kweli tupu. Sisi tukishamwingiza mtoto kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani (NECTA) wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, jina hilo ndilo linalokwenda naye mpaka kwenye mitihani ya taifa. Herufi moja ikitofautiana na cheti, mzazi anahangaika baadaye. Cheti kikichelewa usikae na mtoto nyumbani. Shuleni kwetu tunapokea kwa kadi ya kliniki na kumwambia mzazi alete cheti kikitoka, kaongee na mwalimu mkuu wako hivyo hivyo.

Mama_Pacha_Moro

Samahani nauliza kwenye uzi wa mwenzangu. Wangu wako la nne mwaka huu wa 2025. Hivi ni kweli watamaliza pamoja na walio mbele yao?

ChakiNyeupe

Ni kweli mama. Walioanza mtaala mpya wakiwa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita 2027, mwaka ule ule ambao walio mbele yao watamaliza la saba. Kidato cha kwanza 2028 kitapokea makundi mawili. Wa Bi_Chanika haimgusi, yeye yuko mbali nyuma yao.

FundiSare

Upande wa mahitaji. Mimi nashona sare, nimeona wazazi wengi wakinunua Oktoba halafu Januari wanarudia. Shati jeupe na sketi ya bluu zinajulikana, lakini bluu zenyewe ziko tofauti, na sweta kila shule ina rangi yake. Uliza shuleni kwanza, wengine hata awali wana sare tofauti. Ukishajua, shona Novemba. Mkisubiri wiki ya kufungua, fundi anashona usiku na bei inapanda. Mwambie aache pindo refu chini na nafasi pembeni, mtoto wa umri huo anarefuka haraka. Sketi iwe na lastiki kiunoni badala ya zipu na kifungo, ataivua mwenyewe chooni. Jina lishonwe kwa uzi kwa ndani, wino unafutika ukifua.

Viatu vyeusi viwe vya kubandika (velcro), kamba bado hawezi. Madaftari usinunue mengi, subiri orodha ya mwalimu.

Binti_Mzizima

Na uliza ratiba! Awali wanatoka mapema, kwetu kabla ya saa 6 mchana wako nje ya geti. Kama unafanya kazi, nani anampokea? Mimi nililipana na mama jirani mwenye mtoto darasa hilo hilo. Mpitishe njia hiyo kwa miguu Desemba, muoneshe anavuka wapi na asimame wapi akichelewa kupokelewa. Bodaboda asipande hata kama dereva anajulikana mtaa mzima.

Bi_Chanika

Sawa kabisa, mimi niko nyumbani mpaka mchana, nitampokea mwenyewe. Michango je? Nasikia elimu bure lakini jirani anasema kila wiki kuna hela.

Kaka_Sengerema

Ada hakuna, elimu bila malipo ilianza Januari 2016. Sare, madaftari, chakula na matibabu ni vya mzazi. Michango mingine, kama uji au mlinzi, inatakiwa ikubaliwe na wazazi kwenye kikao, na mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu yake. Kwa hiyo nenda vikaoni. Mimi niko kamati ya shule yetu, wanaolalamika sana ndio hatuwaoni kikaoni. Na uji uchangie kama unaweza, mtoto mwenye njaa hasikii somo. Omba stakabadhi.

ChakiNyeupe

Uji naunga mkono kwa mikono miwili. Darasa lenye uji saa 4 na lisilo nao utadhani ni shule mbili.

Bi_Chanika

Nimemsomea baba yake uzi wote jana usiku. Hakusema mengi, ila lile la "ki" alitaka kujionea mwenyewe, akakaa naye na karatasi. Tumekubaliana awali, shule ya karibu, na hela ambayo ingekwenda kwenye basi tunaiweka kwa ajili ya mdogo wake. Jumatatu naenda kuandikisha na kadi ya kliniki, Jumatano tunakwenda wote wawili wilayani. Mama mkwe amekubali jina lake liwe la katikati, amefurahi kuulizwa.

Mungu awabariki wote, hasa Mwalimu na Mzee wa Rungwe.

Mzee_wa_Rungwe

Marhaba binti yangu. Mkifika wilayani ombeni rasimu muisome herufi kwa herufi kabla cheti hakijachapwa. Tarehe ya kuzaliwa pia.

Mama_Pacha_Moro

Mwalimu, la mwisho. Tunahamia Iringa Januari. Pacha wangu wahame vipi?

ChakiNyeupe

Anza sasa kabla shule hazijafungwa. Nenda Iringa au tuma mtu, upate shule yenye nafasi ikubali kuwapokea. Kisha mwalimu mkuu wa sasa aanzishe uhamisho kwenye mfumo, na uchukue namba ya PReM ya kila mmoja, uiandike mahali. Pacha huwa wanachanganywa, hakikisha kila namba na jina lake.