Mjadala: Je, watoto washike namba ya siri ya wazazi wao?

Mleta mada:
Ndugu zangu, mama yangu mkubwa wa Kariobangi alipigiwa simu na mtu aliyejifanya mwanawe, akilia kwamba amekamatwa na polisi, simu yake imezimika na anatumia ya rafiki. Mama akatuma akiba yake yote ya chama, yaani kikundi chao cha kuweka akiba. Kwa maoni yangu, mzazi akitimiza miaka 70, namba ya siri ya M-Pesa yake ishikwe na mtoto mmoja anayeaminika, kwa maana uzee ni utoto wa pili.

Binti wa Buruburu:
Naomba nilijibu hilo la utoto wa pili, kwa kuwa limeniuma. Mama yangu aliuza mboga Muthurwa hadi akatusomesha sote, na leo unataka aombe ruhusa ya kununua dawa? Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima. Vijana wenye shahada hutapeliwa kwa kazi za uongo za mtandaoni, wala hakuna anayedai wapokonywe simu.

Mkaazi wa Umoja:
Dada, heshima hairudishi pesa. Ametaja mtoto anayeaminika, si mtoto yeyote.

Binti wa Buruburu:
Na uaminifu huo utathibitishwa na nani? Jirani yangu anastahili shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, na mjukuu aliyekabidhiwa amsaidie kuzitoa ndiye anayezitumia. Tapeli wa simu humwibia mzee mara moja. Huyo humwibia kila mwezi, na ukoo mzima unajua.

Babu wa Dagoretti:
Wanangu, mimi ni miongoni mwa hao mnaowajadili, na sijaona mkiuliza tapeli hufanyaje kazi. Nguvu yake ni haraka na siri: anataka utume sasa hivi, na usimwambie mtu. Ni kweli kwamba M-Pesa huonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka, lakini yeye amekwisha kukwambia kuwa simu ni ya rafiki, hivyo jina geni halikushtui. Hata sauti si ushahidi tena, kwa kuwa kompyuta huweza kuiga sauti ya mtu kutokana na video fupi aliyoiweka mtandaoni. Kata simu, upige namba ya mtoto uliyoihifadhi tangu zamani. Asipopokea, mpigie ndugu yake. Pesa zikiwa zimekwenda, ujumbe wa muamala utumwe papo hapo kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, kwa sababu zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirejesha. Hapo ndipo tunaposhindwa, maana wenzangu wengi huogopa kukemewa na watoto wao, wakanyamaza hadi jioni. Mtoto anayeipokea habari hiyo kwa matusi anampa tapeli muda wa kutoroka.

Mkaazi wa Umoja:
Shikamoo mzee. Hilo la kukata simu nalikubali, lakini mama yangu ana maradhi ya kusahau, na akishakata hakumbuki kwa nini alikata. Nimlinde vipi bila kushika namba yake?

Binti wa Buruburu:
Pole kwa hilo. Simu yake ibaki na pesa za matumizi ya wiki tu, na nyingine zisimamiwe na ndugu wote kwa pamoja, kila shilingi ikiandikwa. Lakini mleta mada hakuuliza kuhusu wagonjwa. Aliuliza kuhusu miaka 70, na bado hajanijibu.