Saina Nehwal au P.V. Sindhu: mpwa wangu tumfuatilie nani?

MjombaUpanga
Wakuu, salaam. Mpwa wangu wa miaka 12 kashika raketi mwaka jana na sasa hasikii la mtu. Nimemwahidi kila Jumamosi tutakaa na simu yangu tuangalie mechi za zamani za mpira wa vinyoya (badminton). Ila bando si la kuchezea, kwa hiyo tuchague mchezaji mmoja tumfuatilie kuanzia mwanzo. Wapo Wahindi wawili: Saina Nehwal na P.V. Sindhu. Wote wamenolewa Hyderabad na Pullela Gopichand, wote wana medali za Olimpiki. Mtoto anamtaka Sindhu kwa ajili ya smashi, ule mpigo wa nguvu wa kushusha kinyoya. Mimi nasita. Mnasemaje?

Kinyoya_Tanga
Kwa medali hapa hakuna kesi, mkuu. Sindhu ana fedha ya Rio 2016 na shaba ya Tokyo. Mashindano ya Dunia ana tano: shaba 2013 na 2014, fedha 2017 na 2018, halafu dhahabu Basel 2019, Mhindi wa kwanza kuitwaa. Fainali ile alimchapa Nozomi Okuhara wa Japani 21-7, 21-7 kwa dakika 38. Nilikwenda kuchemsha chai, narudi na kikombe watu wanapeana mikono. Saina ana shaba ya London 2012, fedha ya dunia 2015 na shaba 2017. Hesabu ndiyo hiyo.

Mama Shaban
Hesabu yako imeruka mistari, mwanangu. Saina alifika namba 1 duniani mwaka 2015. Sindhu aliishia namba 2. Halafu tazama Saina alikuwa anakutana na nani. Miaka ile ukivuka raundi mbili unawakuta Wachina wamejipanga: Wang Yihan, Wang Shixian, Wang Xin, Li Xuerui. Ukimtoa mmoja, mwenzake anakusubiri mbele. Ni katika foleni hiyo ndipo binti huyu mzaliwa wa Haryana alipobeba Indonesia Open 2009, taji la kwanza la Super Series (mfululizo wa mashindano makubwa ya mchezo huu) kwa Mhindi yeyote. Kabla yake India ilijivunia wanaume: Prakash Padukone, bingwa wa All England, yale mashindano makongwe ya Uingereza, 1980, na Gopichand mwenyewe, 2001. Sindhu alipokuja, njia ilikwisha kufyekwa.

Kinyoya_Tanga
Sawa mama, lakini ile shaba ya London? Wang Xin alishinda seti ya kwanza 21-18, goti likamkatalia, akajitoa. Saina kapewa.

Mama Shaban
Kapewa? Kufika kwenye mechi ya shaba nako alipewa? Saina naye goti lilimsumbua Rio, akatolewa hatua ya makundi, na wengi wakasema kazi yake imekwisha. Mwaka 2018 akaenda Gold Coast kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akachukua dhahabu yake ya pili baada ya ile ya Delhi 2010. Fainali alimfunga Sindhu, 21-18, 23-21. Kunywa chai yako.

Kinyoya_Tanga
😂 Nimekubali hilo moja tu.

Abdul_wa_Kisauni
Mimi nampenda Gopichand kuliko wote wawili. Aliweka nyumba yake rehani ili ajenge akademia. Na kabla ya Rio alimnyang'anya Sindhu simu miezi mitatu! Saina naye aliwahi kumhama mwaka 2014, akaenda Bangalore kwa kocha Vimal Kumar, na namba 1 aliipata akiwa huko. Akarudi 2017. Mjomba, wewe unampa mtoto simu, mwenzio alikuwa anapokonya.

Kocha wa Jioni
Mnagombania kabati la medali, mwenzenu kauliza mtoto ajifunze kwa nani. Mjomba, mpwa wako ana urefu gani? Sindhu ana karibu sentimita 179, na wazazi wake wote walicheza voliboli. Kinyoya anakipiga kikiwa juu mno, kinashuka kwa pembe kali. Mtoto mfupi akiiga hivyo atakipeleka wavuni mpaka akate tamaa. Saina si mrefu hivyo. Alitegemea miguu na pumzi: anakusukuma kona ya nyuma, anakurudisha wavuni, tena nyuma, mpaka ukosee wewe. Hilo mtoto wa miaka 12 analiweza.

Ila kama utaangalia mechi moja tu, iwe fainali ya Glasgow 2017, Sindhu na Okuhara. Dakika 110. Sindhu alipoteza 19-21, 22-20, 20-22. Kuna pointi moja ya seti ya pili, kinyoya kinapigwa mara zaidi ya 70 bila kuanguka. Mwambie mtoto asimwangalie mwenye smashi. Aangalie miguu ya yule mfupi.

MjombaUpanga
Ahsanteni. Mpwa ni mfupi, kamtoka mama yake. Nilikuwa nimeshaamua Saina, nikasema hiyo ya Glasgow iwe kionjo tu. Tumeimaliza jana usiku, bando limekata seti ya tatu ikiwa 19-19, nikaongeza. Sasa hataki Saina wala Sindhu. Anauliza mechi za Okuhara zinapatikana wapi.