Mume wangu kaniita mlango wa adui kisa kitabu cha Ufunuo. Nifanyeje?

mama_wawili: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi na mume wangu tumeokoka, tunaabudu kanisa moja hapa Mbeya, ndoa ina miaka 11. Tangu mwaka jana anafuatilia mafundisho ya siku za mwisho kwenye simu hadi usiku wa manane. Sebuleni kabandika karatasi ya manila: mishale ya bluu inatoka Danieli 9 kwenda Ufunuo 13, pembeni kaandika miaka kwa kalamu nyekundu. Mimi naamini Yesu anarudi, na mapepo najua yapo. Nilichosema ni kwamba yale majuma 70 ya unabii wa Danieli 9, ambayo wengi huhesabu siku moja kuwa mwaka, wapo watumishi wanaoyaelewa tofauti. Basi. Akasema shetani kapata mlango kupitia mimi, akaanza kukemea nikiwa nimeshika sahani ya ugali. Sasa anataka kuuza kiwanja, na mkubwa wetu kaniuliza kama kuna haja ya kufanya mtihani wa darasa la saba. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Mjoli: Pole sana dada. Mimi naamini unyakuo, yaani Yesu kulichukua kanisa lake, utakuja kabla ya dhiki kuu ya siku za mwisho kama mumeo, na hapo sibanduki. Lakini Waefeso 6:12 inasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Wewe ni damu na nyama. Akemee giza, amwache mke wake ale.

Msabato_Upareni: Sisi unyakuo wa siri hatuufundishi, na majuma 70 tunasema yaliisha mwaka 34 baada ya Kristo. Ila kwenye kupanga tarehe, waliotutangulia walionja. Wafuasi wa mhubiri William Miller kule Marekani walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, kwa hesabu ya siku 2300 za Danieli 8:14. Wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna. Kulipokucha walilia. Muulize mumeo kwa upole: hiyo miaka ya kalamu nyekundu iko mstari gani?

mlinzi_wa_zamu: Mnampinga kichwa cha nyumba bure. Dalili za Mathayo 24 hamzioni? Na vita ni halisi: Danieli 10, malaika alizuiliwa siku 21 na mkuu wa Uajemi. Dada, tii.

Mjoli: Ndugu yangu, hiyo hiyo Danieli 10. Siku zile Danieli alikuwa akifunga na kuomba. Mstari wa 7, watu aliokuwa nao hawakuyaona maono. Je, aliwaambia wana pepo?

wa_Malindi: Mimi Shakahola, ule msitu wa Kenya ambako waumini walifunga hadi kufa kwa mafundisho ya mhubiri wao, si mbali na kwetu. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Kabla ya ile mifungo kulikuwa na mahubiri ya kutoa watoto shule. Simfananishi mumeo na yule mhubiri, lakini swali la mtoto wako limenitoa jasho. Ita wazee wa pande zote mbili kabla kiwanja hakijapata mnunuzi.

mama_wawili: Asanteni, nimelia kidogo. Jana usiku nimemwomba tusome Danieli 10 pamoja. Alisoma kwa sauti, kufika mstari wa 7 akanyamaza, akafunga Biblia akaenda kulala. Leo asubuhi kasema habari ya kiwanja isubiri tuonane na mchungaji Jumapili. Manila bado iko ukutani. Mtoto nimemwambia mtihani atafanya. Tuombeeni.